Aliyeitikia Kwenye Mafunjo

Akinyi mwanangu,

Sikuulizi hali, hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi, jua bado liko juu, umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na umeniachia sufuria ya chai haijaoshwa. Nimeiosha. Sasa nimekaa mlangoni na kurasa nilizozichana katikati ya daftari lako la zamani, na nikimaliza kuandika nitazishonea ndani ya mfuko wa darubini. Nitakwambia kesho kuna kitu humo. Usikisome hapa Kisumu. Kisome gari likishapita Maseno. Ukikisoma kabla ya hapo utashuka urudi tugombane, na mimi wiki hii sina nguvu ya kugombana na wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Mimi Mmaragoli, baba yako Mjaluo wa Ahero, na tulipooana kila mmoja alikataa kushindwa na lugha ya mwenzake, basi Kiswahili kikaingia kati kikatuamua. Hata tukikosana tunakosana kwa Kiswahili, na wewe ni shahidi kwamba tumekitumia vya kutosha.

Mambo ya kula na kuvaa na kusali kabla ya kulala sitayaandika. Una miaka kumi na tisa. Kama sikukufundisha hayo, karatasi hii haitakufundisha. Nitasema tu kwamba safari hii tumeipanga mimi na wewe kwa miezi mitatu, na mimi naionea fahari. Niliwaza kuisema kanisani siku ya shukrani, nikaona wataniombea.

Unajua watu walivyoicheka. Baba yako mdogo Owiti ndiye aliyecheka kwa sauti. Jumapili iliyopita ulipokwenda kuteka maji alinikalisha chini, akakunja mikono juu ya tumbo, akaniita binti wa Maragoli kwa Kijaluo chake, akaniambia:

“Nyar Maragoli, mtoto amemaliza Form Four. Mimi nimemtafutia kazi ya duka pale Nyamasaria, kazi ya kukaa kivulini. Wewe unampeleka kwenye matope akatazame ndege. Huyo ndege ataleta mahari?”

Nikamwambia, “Owiti, umekula kuku wangu miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyeleta mahari.”

Baba yako alikuwa pale anashona mkanda wa darubini kwa mpira wa baiskeli. Nilimwona mabega yakitikisika kwa kicheko. Owiti akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaondoka na kipande cha kuku mkononi. Wacha aende. Na wale kina mama wanaosema kisimani kwamba mtoto wa kike hawezi kulala siku nne kwa watu wasiomjua ili kuona kitu cha ukubwa wa ngumi, nao waache. Mimi niliingia kwenye mafunjo na panga nikiwa na mimba yako, siku ambazo wanaume wa ufuoni walisema mwanamke akikata mafunjo samaki watahama. Samaki hawakuhama. Nilikata, nikafuma mikeka, mikeka ikakulipia shule. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kwenye matope hakuna kitu.

Tena tumeipanga vizuri. Watu wa kutazama ndege huja hapa na magari makubwa na mahema, wanalala hotelini, na wengine hurudi kwao bila kumwona ndege waliyemfuata. Sisi tulikaa na penseli tukajiuliza kitu gani hatuna, halafu tukauliza tuna nini badala yake. Hoteli hatuna, lakini tuna Mama Perez, rafiki yangu wa tangu usichana, aliyeolewa huko ukingoni mwa kinamasi cha Yala na ana nyumba ya jikoni isiyovuja. Gari la kukodi hatuna, lakini tunajua siku ya soko magari yanajazana na nauli inashuka, ndiyo maana unaondoka Jumatatu. Mwongozaji hatuna wa kulipa, lakini tuna mikeka minne. Mmoja wa Mama Perez, mmoja wa mwenye mtumbwi, miwili ni yako ya kuuza ukikwama. Samaki usibebe, huko wanao kutushinda. Beba majani ya chai na sabuni, na usimkabidhi Mama Perez mbele ya mumewe, mpe jikoni. Haya, nimesema sitatoa maagizo na tazama nimeanza.

Darubini tuliinunua Kibuye kwenye lundo la mitumba, jicho la kushoto lina ukungu, yule muuzaji akaapa ukungu ni wa asubuhi na utaondoka. Haujaondoka hadi leo. Tumia la kulia. Uliweza kusoma maandishi ya lile tangi la maji ukiwa kwetu Manyatta, basi utaweza kuona kifua chekundu cha ndege.

Sasa nifike ninakokwenda. Nimezunguka kwa sababu naogopa, na mimi sipendi kuogopa.

Unakwenda kwa ajili ya ukurasa mmoja. Mwalimu Nafula, yule wa kuhesabu ndege aliyekuja shuleni kwenu, alikwambia atachukua kijana mmoja wa kufanya naye kazi mwaka mzima huko kinamasini, kwa mshahara. Lakini aje na ukurasa mmoja juu ya yule ndege mwekundu wa mafunjo, amwone kwa macho yake, amsikie kwa masikio yake, asinakili kitabu. Ijumaa mwalimu atafika hapo kwa Mama Perez kuusoma. Akiukubali unabaki. Asipoukubali unarudi, na duka la Nyamasaria linakusubiri na Owiti mlangoni anachekelea. Una asubuhi nne.

Na mtu yeyote atajiuliza kwa nini mtoto aliyezaliwa katikati ya mafunjo, kwa mama mkata mafunjo, anatumwa mbali hivyo kumtafuta ndege wa mafunjo. Wewe hukuwahi kuniuliza. Nilikuwa nasubiri uniulize, hukuuliza, na sasa najua ni kwa sababu ulidhani unalijua jibu.

Kumbuka mwaka ule wa unga wa manjano. Ulikuwa na miaka tisa. Mvua ilikataa, ziwa likarudi nyuma, na tulikula ule unga wa msaada mpaka mdomo ukakinai. Tulikuwa bado tunaishi ufuoni. Kila nyumba ilikuwa na ukanda wake wa mafunjo, kutoka kwenye njia ya miguu hadi kwenye maji meupe, na mpaka wetu haukuwa ua wala jiwe. Mnashika mashina ya mafunjo mabichi, mnayafunga fundo, basi, hapo ndipo pako. Hakuna aliyevuka fundo la mwenzake na panga. Na wakati wa kiangazi tulipochoma mafunjo yaliyozeeka ili machipukizi yatoke laini, kila mtu alichoma ukanda wake kwa mkono wake. Kuwasha ukanda wa mtu mwingine ilikuwa sawa na kumwashia nyumba. Lishike hilo, nitalirudia.

Katika ukanda wetu, mbali kidogo na njia, walikuwapo wawili. Ulikuwa ukiwaita kina Kifua. Mgongo mweusi, kifua chekundu cha kuwaka, kichwani manjano iliyofifia, na mstari mweupe kwenye bawa. Jina la kitabuni ni refu na wewe unalijua. Kitabu kitakwambia rangi. Kitabu hakitakwambia nilichokijua mimi kwa kukata mafunjo karibu nao miaka sita: kwamba hawaimbi, wanaitana. Mmoja anaanza na mluzi wa majimaji, anapanda, anashuka. Kabla hajamaliza, mwenzake anaitikia kwa sauti kavu, krr, krr, kama kitambaa cha kaniki kinachopasuliwa. Wanafanya hivyo kwa haraka mpaka mgeni anadhani ni ndege mmoja. Mimi nilizoea kufanya kazi katikati ya sauti hizo mbili, na siku wakinyamaza nilijua kuna kenge au kuna mtu.

Basi akaja mgeni. Mzee Mzungu mwembamba, kofia ya kitambaa, baiskeli ya kukodi, mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi. Safari yake ilikuwa kama hii yako, ya mtu asiye na kitu. Akauliza ufuo mzima kama kuna mtu anamjua ndege mwekundu wa mafunjo. Wenzangu walinyamaza. Mimi nikasema namjua, na namjua anapolala. Niseme ukweli, nilijivuna. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniuliza kitu ambacho mimi tu ndiye nakijua.

Nikampeleka kwa mtumbwi. Kina Kifua walikuwa na kiota, kikombe kidogo kwenye kichwa cha funjo, na yule wa kuitikia alikuwa amelalia. Mzee alipomwona aliteremsha darubini akalia. Mwanamume mzima, machozi kabisa. Halafu akaniambia kwa Kiswahili chake cha kitabu, polepole, ili nisikose neno:

“Mama, ndege huyu ni adimu. Analindwa na sheria. Mahali hapa pasiguswe tena na mtu.”

Alikuwa ananipa habari njema. Nilikuja kulielewa hilo baadaye sana. Lakini mimi sikusikia habari njema. Baba yako alizaliwa Ahero. Utotoni mwake mafuriko yaliwafukuza, wakakaa shuleni majuma mengi, na maji yaliposhuka wakarudi kwao wakakuta vigingi vimepakwa rangi, na mtu mwenye karatasi anawaambia hapa si pao tena. Hadithi hiyo niliisikia kwa mama mkwe kila mara nilipompelekea uji. Basi mtu aliponiambia mahali hapa pasiguswe, niliona vigingi. Niliviona na rangi yake.

Na nikafanya kosa la kwanza. Nilifungua mdomo. Jioni ile ile niliwaambia wote pale tunapopimia samaki, na kila aliyesikia alimpasha mwenzake, na habari ilipofika mwisho wa ufuo serikali ilikuwa tayari njiani na lori la nyaya. Watu wakakutana. Mmoja akasema, kama ndege hayupo, sheria italinda nini? Hilo lilituingia. Tukakubaliana kila mtu achome ukanda wake kabla ya Jumapili, tusionekane tumelenga mtu, tuonekane tunachoma kama kila mwaka.

Baba yako alinisihi. Unamjua, haongei, lakini siku ile aliongea. Alisema, “Subiri waangue, Mama Akinyi. Wiki mbili tu.” Nikamwambia wiki mbili vigingi vitakuwa vimefika, na kwamba yeye na ukoo wake walikwishasubiri mara moja na tuliona walichopata. Nilimpiga kwa kidonda chake mwenyewe. Akanyamaza, na mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa ruhusa.

Nimekwambia kila mtu anachoma ukanda wake kwa mkono wake. Hakuna aliyevuka fundo langu. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa saa sita mchana, upepo unatoka nchi kavu, wewe uko shuleni. Nilichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikakifunga kwenye fito, nikawasha. Mafunjo yalikuwa makavu kwa ile njaa ya mvua. Nilijua kiota kiko wapi, hatua kwa hatua, na nilianzia upande ule ili nimalize haraka na nisiwe na nafasi ya kubadili nia. Yule wa mluzi aliruka, nilimwona akizunguka juu ya moshi. Yule wa kuitikia alilalia mayai. Hakutoka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka kumi umeamini moto ulivuka kutoka kwa jirani, kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia. Ulirudi kutoka shule masizi yakikuangukia kwenye sare, ukauliza kina Kifua wako wapi, nikakwambia ndege wana mabawa. Na kesho yake asubuhi yule mmoja akarudi. Akasimama kwenye funjo lililoungua akapiga mluzi wake, akapanda, akashuka, akanyamaza mahali pale ambapo mwenzake huingia. Akaanza tena.

Wewe uliacha uji. Ulitoka nje na sare ambayo haijafungwa vifungo, ukasimama kwenye majivu, ukaweka ulimi nyuma ya meno ukaitikia, krr, krr. Ukaniambia anasikia upweke, wacha nimsaidie mpaka mwenzake arudi. Nikakwambia ndiyo, mwenzake amesafiri. Asubuhi nne, Akinyi. Nne. Mimi nilikuwa nakutazama kutoka mlangoni na mwiko mkononi. Asubuhi ya tano hakuja. Ukangoja mpaka ukachelewa shule, ukanigeukia ukaniuliza:

“Mama, labda sikuitikia vizuri?”

Nikakwambia kimbia, kengele imelia.

Nina makosa mengi, na mengine nitayabeba bila kuyaandika. Hilo la kengele ndilo linalonitoa jasho hadi leo.

Kama unataka kujua tulipata nini kwa moto ule, nitakwambia. Hakuna aliyekuja. Hakuna lori, hakuna nyaya, hakuna askari. Mwaka uliofuata yule mzee alirudi na baiskeli yake ya kukodi, na safari hii alikuwa na karatasi. Alikuwa amezunguka ofisi kwa ajili yetu, ameandika kwamba wakata mafunjo waendelee kukata kama kawaida, waache tu kipande kidogo kila msimu. Kipande kidogo. Mtu angetuomba hivyo tangu mwanzo tungempa na chai. Alitazama ukanda wangu, machipukizi mapya ya kijani, hakuna sauti. Akaniuliza. Nikamwambia moto wa jirani. Alinipa mkono, akapanda baiskeli yake, hakurudi tena.

Na nyaya zikaja baadaye, unazikumbuka, ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hazikuletwa na ndege. Zililetwa na tajiri mmoja mwenye karatasi yenye mihuri yote, akazungusha nusu ya ufuo akasema ni yake. Nusu ya ukanda wangu iko ndani ya nyaya zake, nyumba yetu ilikuwa ndani ya nyaya zake, na ndivyo tulivyohamia Manyatta. Mwalimu Nafula aliniambia kwamba lau yule ndege angekuwa bado pale, kungekuwa na sheria ya kumsimamisha tajiri. Labda. Sheria nazo zina wenyewe. Lakini sisi tulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mtu wa mbali angekuja kukitetea, na tulikichoma ili tusinyang'anywe mahali. Mimi nilikichoma.

Sikuandikii ili unihurumie. Ukinihurumia nitakasirika. Nakuandikia ili usiende huko na mawazo mawili mabaya.

La kwanza. Utakutana na wakata mafunjo. Utakuwa na daftari na darubini, na kwao utakuwa umefanana na yule mzee. Usianze na ndege. Anza na mafunjo. Uliza wanakata mwezi gani, mkeka unauzwaje, ukanda ni wa nani, fundo lao linafungwaje. Shika panga ukate nao nusu siku, unajua kukata. Na neno hilo la kulindwa usilitamke mpaka wao wenyewe wakuulize, na wakikuuliza, sema kwanza nani hataondolewa. Yule mzee alisema maneno ya kweli yote, lakini aliyapanga vibaya, na sisi tuliyasikia vibaya zaidi. Wewe ni mtoto wa pande zote mbili za neno hilo. Mwalimu Nafula ana masomo yote lakini hana hilo, na ndiyo maana anakuhitaji, hata kama yeye mwenyewe hajajua.

Hao wakicheka, wacha wacheke. Mimi nimechekwa miaka kumi. Unajua kile kichaka changu kilichobaki nje ya nyaya, ambacho sikikati wala sikichomi? Wanakiita shamba la mzimu. Wanasema Mama Akinyi amezeeka, anaacha mafunjo mazuri yakauke huku anatembea kutoka Manyatta na njaa. Mwaka juzi magugu maji yalipoziba ufuo mzima na mafunjo ya kukata yakawa shida, walikuja kuniomba wakikate. Nikafunga fundo jipya mbele yao. Mmoja akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja kisichokuhusu. Hajarudi Kifua yeyote pale, Akinyi, nisikudanganye. Kuna shomoro na kuna mbu. Mwaka huu pia sikati.

La pili ndilo lililonifanya nichane daftari lako. Mwezi uliopita Mwalimu Nafula alipokuja kututembelea, mlikaa hapo kwenye benchi, akakuuliza ulianzaje kupenda ndege. Ukamwambia kwa kucheka kwamba ndege wa kwanza uliyempenda ulimfukuza mwenyewe, ulimwigiza vibaya mpaka akahama. Mkacheka wote wawili. Mimi nilikuwa ndani nachuja chai, na baba yako alikuwa mlangoni, na alinitazama.  Miaka kumi hajasema kitu. Alinitazama tu, na nikajua kwamba kama sitasema mimi, utakwenda na mzigo wangu kichwani ukidhani ni wako.

Halafu juzi uliniambia kwamba huko kwenye mtumbwi utakaa kimya kabisa, hutathubutu hata kukohoa, kwa sababu wewe una mdomo wa kufukuza ndege. Ulikuwa unatania. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Sasa unajua, na naogopa. Nalisema wazi. Naogopa kwamba ukiandika ule ukurasa na ukakubaliwa, utakuwa na mwaka mzima wa kukaa mbali na mwanamke aliyechoma kina Kifua, na mwaka ukiisha utaona hakuna haja ya kurudi kwake. Hiyo ni haki yako. Sitakuita kwa kilio wala sitamtuma mchungaji. Lakini hata kwa kuogopa huko, hutaniona nikikuficha jambo tena ili nikubakize. Nilikwishachoma kitu mara moja ili nisipoteze mahali, na nilipoteza vyote viwili, ndege na mahali. Nenda. Owiti akikuuliza, mwambie mama yako alisema nenda. Ukitaka kurudi, mlango wa Manyatta unaujua, sukuma kwa bega maana umevimba. Ukirudi na hasira, rudi nayo, tutakitumia Kiswahili kama kawaida yetu.

Naona unakuja, uko pale kwa fundi wa viatu, umesimama kuongea. Kwa hiyo niandike la mwisho haraka, na ndilo swali lako. Uliniuliza ukiwa umesimama kwenye majivu, na nilikupa kengele. Nimechelewa miaka kumi kulijibu.

Uliitikia vizuri, mwanangu. Uliitikia vizuri sana, hata mimi mlangoni nilidanganyika. Hakukukimbia wewe. Alirudi asubuhi nne kwa sababu yako.

Kesho kutwa alfajiri utakuwa kwenye mtumbwi wa watu. Wa kwanza atapiga mluzi, atapanda, atashuka, na pale pa kunyamaza ulimi wako utataka kwenda nyuma ya meno. Uzuie. Si kwamba una mdomo mbaya. Huyo hakuhitaji, ana mwenzake. Tulia umsikie akiitikia, ndipo uandike.

Mama yako,
Nyar Maragoli